Kipande, Namba na Jalada: Habari za Kumbukumbu za Wafanyakazi katika Nchi ya Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa

Katika maneno yaliyoenea kwa sababu ya kazi za mshahara, ni machache yaliyobeba historia nyingi kama haya matatu: kipande, manamba na jalada. Kila moja lina zama zake. Yakipangwa kwa taratibu, yaonyesha jinsi waajiri na Serikali walivyojifunza kumweka mfanyakazi katika maandishi, na jinsi mfanyakazi mwenyewe, kwa muda mrefu sana, alivyokosa haki ya kuyasoma maandishi hayo. Nchi ya Mbinga, tangu milima ya Umatengo na kata kama Ukata mpaka Lituhi, Liuli na Mbamba Bay katika mwambao wa Ziwa Nyasa, ni mfano mwema wa jambo hili. Maana watu wake wameandikwa kwa kila namna: kwa ajili ya kodi, kwa ajili ya mkataba wa mashamba ya mbali, na mwishowe kwa ajili ya utumishi wa Serikali yenyewe.

Zama za kipande

Kabla ya boma, habari za kazi ya mtu zilikaa katika vinywa vya jirani zake. Mashimo ya ngolo yaliyolimwa mlimani yalijulikana ni ya nani, na mtu mvivu alijulikana vilevile, wala hapakuhitajiwa karatasi. Wadachi walijenga boma lao Songea mwaka 1897, na katika miaka hiyo hiyo ikaja kodi ya nyumba. Stakabadhi ya kodi ikawa kwa watu wengi karatasi ya kwanza yenye kuhusu nafsi zao. Aliyeipoteza alikuwa katika hatari ya kudaiwa mara ya pili, kwa kuwa neno lake halikuwa na uzito mbele ya daftari la boma.

Kipande hasa kilianza mbali na Songea, katika wilaya ya Wilhelmstal, ambayo sasa ni Lushoto. Ilitolewa amri kule kwamba kila mtu mzima apewe kadi, na katika kila miezi minne afanye kazi ya mshahara siku 30. Kila siku aliyofanya kazi ilitiwa alama. Neno lenyewe ni la Kiswahili halisi, lenye maana ya sehemu ndogo ya kitu. Lakini tangu hapo likapata maana nyingine, yaani karatasi inayohesabu siku za mtu. Maana hiyo ilienea katika mashamba, na hata baada ya Wadachi kuondoka watu waliendelea kusema kwamba fulani amemaliza kipande chake, yaani ametimiza siku zake 30 na sasa aweza kudai ujira wake.

Hapa yafaa kutenganisha kipande cha Tanganyika na kile cha Kenya, kwa kuwa jina ni moja na mambo ni mawili. Kenya sheria ya kuwaandikisha wanaume Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya vita. Kipande chao kilikuwa na alama za vidole, jina la mwajiri na habari za mshahara, na mwenyewe alilazimika kukichukua popote aendapo, mara nyingi katika kikopo cha bati kilichoning'inizwa shingoni. Harry Thuku na wenzake walikilalamikia sana katika miaka ya 1921 na 1922, na hakikuondolewa mpaka mwaka 1947, sheria mpya ya kuandikisha watu wa mataifa yote ilipopitishwa. Kipande cha Tanganyika kilikuwa hesabu ya kazi; kile cha Kenya kilikuwa hesabu ya mtu.

Zama za namba

Waingereza walipoishika nchi walitunga sheria ya mabwana na watumishi mwaka 1923. Kwa sheria hiyo, mtu aliyetoroka kazi kabla ya mkataba wake kwisha aliweza kushitakiwa kama mhalifu. Mwaka 1926 ikaundwa Idara ya Kazi chini ya Meja Orde-Browne, ili iangalie safari, chakula na makao ya vibarua. Lakini fedha zilipopungua ilifungwa mwaka 1931, wala haikurudishwa ila baada ya miaka mingi. Basi katika muda huo karatasi za vibarua ziliendelea kuandikwa, na jicho la kuzikagua likapungua.

Wilaya ya Songea, ambayo wakati huo ilikuwa pamoja na Umatengo na mwambao wa ziwa, ilikuwa mbali na reli na mbali na bandari za bahari. Kodi ilidaiwa kwa fedha, na njia za kupata fedha nyumbani zilikuwa chache. Wangoni walipata tumbaku na Wamatengo wakapata kahawa, na mwaka 1936 ukaanzishwa Ushirika wa Ngoni-Matengo. Hata hivyo vijana wengi wa wilaya waliendelea kufunga safari kwenda katika mashamba ya mkonge. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, iliyojulikana kwa jina la SILABU, na Songea ikawa mojawapo ya nchi zilizotoa watu.

Mtu aliyeandikishwa alipewa namba. Neno hili ni la Kiingereza lililokwisha kuzoewa. Lilipotiwa kiambishi cha ma- likawa manamba, likaacha kutaja tarakimu na kumtaja mtu. Ni kweli kwamba kiambishi hicho chapatikana katika majina ya heshima ya kazi, kama makarani na maaskari. Lakini karani aliitwa kwa kazi yake, na askari kwa kazi yake. Manamba aliitwa kwa alama aliyoandikiwa na mtu mwingine. Lugha haikukosea. Katika daftari la shamba, namba ndiyo iliyolipwa, ndiyo iliyokatwa mshahara, na ndiyo iliyotafutwa ilipotoroka. Ndiyo sababu vibarua wengi walibadili majina yao walipohama kutoka shamba moja kwenda jingine. Waliotunza madaftari waliita jambo hili udanganyifu. Lakini kwa mtu ambaye maandishi yake yalimwelekea kama shitaka, jina jipya lilikuwa kinga pekee aliyokuwa nayo.

Kinga hiyo ilikuwa na gharama kubwa. Mtu akifa ugenini, ujira uliobaki na vitu vyake vilipaswa kurudishwa kwao kwa njia ya boma. Bwana Shauri hakuwa na njia ya kuwapata wenye haki ila kwa jina, kijiji na jumbe kama vilivyoandikwa siku ya mkataba. Jina likiwa la kubuni, au karani akiwa ameandika kijiji cha Umatengo kwa kadiri alivyokisikia, karatasi haikuweza kufika kwa mjane wala kwa mzee wake. Basi maandishi yale yale yaliyotosha kumkamata mtu akiwa hai hayakutosha kuwasaidia warithi wake. Hii ndiyo tofauti ya msingi katika habari hizi: kumbukumbu iliyoandikwa kwa faida ya mwenye kuitunza tu hukosa usahihi katika mambo yanayomfaa mwenye kuandikwa.

Badiliko kubwa lilikuja baada ya uhuru. Mwaka 1964 ilipitishwa sheria ya Mfuko wa Akiba ya Wafanyakazi, na mwaka 1965 kazi ya SILABU ya kuandikisha vibarua ikakoma. Tangu hapo mfanyakazi alipewa namba ya namna nyingine, namba ya mwanachama, ambayo chini yake michango yake na ya mwajiri wake iliwekwa. Namba ya kwanza ilikuwa dai la shamba juu ya mtu. Namba ya pili ikawa dai la mtu juu ya mfuko. Kwa mara ya kwanza mfanyakazi wa kawaida alikuwa na sababu ya kutaka jina lake liandikwe kwa usahihi, na tarehe ya kuanza kazi isipotee.

Zama za jalada

Watumishi wa Serikali wenyewe walikuwa na utaratibu wao. Kila mmoja alifunguliwa jalada binafsi. Jalada, ambalo asili yake ni neno la Kiarabu lenye kuhusu ngozi, ni kifuniko kinachohifadhi karatasi. Na chumba kinachotunza majalada ni masjala. Ndani ya jalada huwekwa barua ya ajira, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya elimu, barua za kuthibitishwa na kupandishwa cheo, habari za likizo, na majina ya warithi. Kila karatasi hupewa namba yake kwa mfuatano, ili ikichomolewa pengo lake lionekane. Jalada likitoka masjala huandikwa limekwenda kwa nani na siku gani. Mambo ya nidhamu na ya afya huhitaji ulinzi zaidi, na kwa ajili ya mambo kama hayo huwekwa masjala ya siri, isiyoingiwa na kila karani.

Utaratibu huu ni mzuri, lakini katika asili yake ulikuwa na kasoro moja: siri ilielekezwa kwa mtumishi mwenyewe pia. Kila mwaka mkubwa wa kazi aliandika taarifa ya siri juu ya mtumishi wake, na taarifa hiyo ikapelekwa juu. Aliyeandikwa hakuiona. Mwalimu wa Liuli au karani wa Mbinga aliweza kukosa cheo kwa maneno asiyoyajua, wala hakupata nafasi ya kuyajibu. Hali hiyo ilidumu zaidi ya miaka 40 baada ya uhuru. Ni mwaka 2004 tu Serikali ilipoweka mfumo wa wazi wa kupima kazi, ambao ulimtaka mtumishi na msimamizi wake wakubaliane malengo na kutia sahihi pamoja.

Kwa upande wa kuhifadhi, Bunge lilipitisha Sheria ya Nyaraka za Taifa mwaka 1965, na mwaka 2002 sheria nyingine pana zaidi ya kumbukumbu na nyaraka. Haja yake ilikuwa dhahiri. Karatasi zina maadui wengi: mchwa, unyevu, moto, na ubaya wa mtu. Tena wilaya hugawanyika, kama Nyasa ilivyokatwa kutoka Mbinga mwaka 2012, na kila mgawanyo hudai majalada ya watumishi nayo yagawanywe bila hata moja kupotea njiani. Barua moja ya kupandishwa cheo ikikosekana, hesabu ya mafao ya uzeeni husimama. Na mstaafu aliyefundisha miaka 35 mlimani hulazimika kusafiri kutafuta nakala ya karatasi ambayo hakuwahi kukabidhiwa kuitunza.

Zama za mashine

Kompyuta zilipoingia, ilidhaniwa kwamba makosa ya karatasi yamekwisha. Lakini mashine hutunza uongo kwa uaminifu ule ule inaotunza kweli. Mwaka 2016 Serikali ilianza kuwasaka watumishi hewa, yaani majina yaliyolipwa mshahara bila ya kuwa na mtu, na zaidi ya majina 19,000 yakaondolewa katika orodha za mishahara. Tarehe 28 Aprili 2017, Dodoma, Rais Magufuli alipokea taarifa ya uhakiki wa vyeti, ambamo watumishi 9,932 walionekana kuwa na vyeti vya kughushi. Waliondolewa kazini, na majina yao yakatangazwa. Mwezi Oktoba 2022 Serikali ilieleza kwamba michango waliyokatwa kwa ajili ya uzeeni ingerudishwa kwao.

Hapana shaka kwamba fedha ya umma yapasa kulindwa, na cheti cha uongo ni wizi wa nafasi ya mwingine. Hata hivyo jambo hili lilileta swali zito: je, taarifa iliyotolewa na mtu kwa mwajiri wake kwa ajili ya kazi yaweza kutangazwa kwa nchi nzima, na lini? Katika orodha ndefu kosa moja la herufi laweza kumhukumu mtu asiye na hatia, na tangazo halirudi mdomoni likisha kutoka. Katiba, katika ibara ya 16, ilikwisha kutambua haki ya faragha. Lakini haki hiyo ilikuwa bado haijapata sheria ya kuifafanua.

Sheria hiyo ilipatikana mwaka 2022, nayo ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Tume ya kuisimamia ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024. Sheria hii yataka taarifa za mtu zikusanywe kwa sababu inayojulikana, ziwe sahihi, zisikae muda mrefu kupita haja yake, na zilindwe zisiibwe wala kuharibiwa. Zaidi ya yote, yampa mwenye taarifa haki ya kuziona na ya kudai zisahihishwe.

Haki hiyo ya mwisho yaonekana ndogo kwa asiyejua yaliyotangulia. Kipande kilihesabu siku za mtu, namba ikachukua nafasi ya jina lake, na jalada likafungwa hata mbele ya uso wake. Katika zama zote hizo ulinzi wa kumbukumbu ulikuwa na maana ya kufuli, na ufunguo ulikuwa kwa mwajiri. Kufuli bado lahitajika, kwa karatasi na kwa mashine. Lakini kufuli peke yake hulinda hata kosa. Kinacholinda kweli ni mtu mwenyewe kujua alivyoandikwa: mwalimu wa Mbamba Bay aweze kusoma tarehe yake ya ajira angali kazini, si siku ya kustaafu, na karani wa masjala ajue kwamba kila jalada analolichukua mkononi ni riziki ya watu wasiomjua. Pale ambapo hilo halifanyiki, sheria ni mpya lakini mfanyakazi angali manamba.