Historia Iliyomo Katika Motokaa Kuukuu

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Motokaa kuukuu ya Kiingereza, ile saluni ya milango miwili au minne, haikai upande wowote wa methali hiyo. Si kibaya, kwani imeishi miaka hamsini na zaidi. Wala haijiuzi, kwani aitazamaye leo huona bati na kutu tu. Aiuzaye hana budi kueleza ilikotoka na iliyoyapitia. Basi awe mwanahistoria, apende asipende.

Nalitazama jambo hili kutoka kata ya Ramadhani, mjini Njombe. Msomaji wa visiwani asidhani nimetaja mwezi mtukufu. Hapa ni nchi ya Wabena, kwenye kimo cha mita 2,000 hivi juu ya bahari, ambako asubuhi za mwezi wa Julai injini haiwaki bila kuvutiwa choki. Makambako, yenye njia panda ya kwenda Zambia na Songea, iko mwendo wa kilomita 60 hivi. Hewa yetu haina chumvi ya pwani, wala barabara zetu hazimwagiwi chumvi kama za Uingereza wakati wa barafu. Ndiyo maana bodi ya gari huweza kudumu huku, ingawa springi zimekwisha kuvunjika mara nyingi.

Mauzo ya kwanza ya magari haya yalikuwa ya kuagana. Morris Minor ilitoka kiwandani mwaka 1948, na mwaka uliofuata ikaanzishwa hapa Njombe kampuni ya miwati, kwa mtaji wa shirika la maendeleo ya makoloni la Uingereza. Wageni wakaja na magari yao. Uhuru wa Tanganyika ulipofika Desemba 1961, maofisa wengi walifungasha virago, na motokaa ya anayeondoka ikawa mali ya kuuzwa upesi. Mnunuzi alikuwa karani, mwalimu au mwenye duka. Kwake yeye, kushika usukani aliokuwa akiushika bwana wa jana kulikuwa na maana kubwa kuliko usafiri.

Hata hivyo, heshima ya Mwingereza barabarani haikudumu. Katika mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki, Ford Cortina ya Peter Hughes ilishinda mwaka 1964. Mwaka 1966 na 1967 ushindi ukaenda kwa Peugeot 404 ya Bert Shankland, dereva wa Tanzania, na mwaka 1970 ukaenda kwa Datsun. Wanunuzi nao waliona.

Mauzo ya pili yalikuwa ya miaka ya dhiki. Mafuta yalipanda bei mwaka 1973 na tena 1979; vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikamaliza fedha za kigeni; spea za Uingereza zikaadimika. Hapo bei ya motokaa ilikoma kufuata jina la kiwanda, ikafuata jina la fundi. Muuzaji hakusema tena, “Hii ni Austin,” bali alisema, “Hii anaitengeneza fulani.” Na huyo fulani alikuwa na spana za inchi, ambazo zile za milimita za magari ya Kijapani hazikuweza kuzifidia. Alikata gasketi kwenye karatasi ngumu, akachonga bushi kwenye mpira wa tairi, na injini iliposhindikana kabisa akapachika ya Datsun chini ya boneti ileile. Kinaya ni kwamba Waingereza walipofadhili barabara ya lami ya Makambako hadi Songea katika miaka ya 1980, saluni zao zilikuwa zimekwisha kuwa chache za kuhesabika.

Kama mfasiri, nimeona kwamba mafundi hao walihifadhi hata lugha. Boneti na buti ni maneno ya Mwingereza; Mmarekani ana yake mengine. Hivyo kila anayefungua buti ya Toyota hutamka, bila kujua, neno lililoletwa na Morris na wenzake.

Mauzo ya tatu ndiyo ya leo. Tangu biashara ilipoanza kulegezwa mwaka 1984, magari yaliyotumika ya Japani yamejaa. Motokaa ya zamani imebakiwa na wanunuzi wawili. Mmoja ana mizani: hununua chuma chakavu kwa kilo. Wa pili ni mpenzi wa vitu vya kale, naye hutaka uhalisi. Kila kifaa kilichobadilishwa humpunguzia bei. Hapo ndipo muuzaji hushawishika kuficha, kana kwamba kazi ya fundi ni aibu.

Nasema isifichwe. Kwanza, sheria haitaki: kadi ya gari huandikwa namba ya injini na ya chesisi, na umiliki hauhamishwi kwa salama katika Mamlaka ya Mapato ikiwa namba hazilingani. Pili, ukweli wenyewe hautaki. Kile mpenzi wa kale anachokiita kasoro ndicho sehemu ya gari iliyo yetu. Kiwanda kiliifanya iende miaka kumi au kumi na mitano. Iliyobaki imeongezwa na mikono ya Njombe, Makambako na Iringa.

Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam yameihifadhi Rolls-Royce iliyotumiwa na serikali ya kikoloni, kisha na Mwalimu Nyerere. Hilo ni jema. Lakini Morris ya karani haina makumbusho, na fundi wake hana hata ukurasa. Wengi wao ni wazee sasa. Basi anayetaka kuuza na auze, ni haki yake. Ila kabla ya kukabidhi ufunguo, amwite fundi, wakae pamoja, waandike kilichobadilishwa, mwaka gani, kwa nini, na nani aliyekitengeneza. Karatasi hiyo aambatishe kwenye mkataba wa mauzo, na nakala yake abaki nayo nyumbani.