Waingereza Wawili wa Jukwaani, na Nyumba ya Ganjoni

Apitaye Ganjoni kwa njia ya Mnazi Mmoja hulikuta jengo la Little Theatre, waliloliasisi Waingereza wa zama za ukoloni wapate kuigizia humo michezo ya kwao, kwa lugha ya kwao, mbele ya hadhira iliyokuwa takriban wao wenyewe. Wala isidhaniwe kwamba Mombasa ilikuwa haijui tamasha. La hasha, kwani katika miaka ya 1920 vyama vya ngoma ya beni, Kingi na Scotchi, vilishindana barabarani kwa tarumbeta, sare na majigambo, na tamasha hiyo haikuhitaji mlango wala tikiti.

Katika Waingereza walioishughulikia fani ya uigizaji nchini Kenya, wawili wastahiki kutajwa pamoja, kwa kuwa njia zao zilihitilafiana. Donovan Maule, mwigizaji wa kazi aliyewasili Nairobi pamoja na mkewe Mollie mwishoni mwa miaka ya 1940, aliunda kundi la waigizaji wa kulipwa, na mwaka 1958 akafungua nyumba yenye jina lake, ambamo michezo iliyovuma London ilirudiwa kwa ustadi usio na shaka. Lakini wenyeji wa nchi, ambao Kiingereza cha vibaraza vya London hakikuwahusu ndewe wala sikio, walibaki nje.

Graham Hyslop hakujenga nyumba. Huyu alikuwa ofisa wa serikali wa muziki na michezo ya kuigiza, na badala ya kuwangoja watu wamfuate kwenye lugha yake, aliifuata yao, akatunga kwa Kiswahili michezo ya Afadhali Mchawi na Mgeni Karibu, yote miwili ikachapwa mwaka 1957, mwaka uleule ulipotoka Nakupenda, Lakini wa Henry Kuria, mchezo uliokwisha kuigizwa na wanafunzi wa shule ya Alliance. Mkosoaji mkali ataona katika michezo ya Hyslop mkono wa mwalimu uliozidi kiasi, na hakosei. Hata hivyo mtu aliweza kuifahamu bila mkalimani. Mwaka 1963 alikuwamo katika jopo lililotunga wimbo wa taifa, pamoja na George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, na lahani waliyoichagua ilitoka kwa Wapokomo wa Mto Tana, katika wimbo wa mama kumbembeleza mwana.

Kwa rai yangu, Maule alikuwa fundi mkubwa zaidi wa jukwaa, na Hyslop ndiye aliyetufaa zaidi. Nyumba ya Maule ilikwisha kufungwa; ya Ganjoni ingali imesimama, na Kiswahili kimeingia humo. Basi ingekuwa jamala kubwa wasimamizi wake wakiutafuta Mgeni Karibu, ambao nakala zake zimekuwa adimu, wakauigiza mbele ya watu wa Mombasa.