Ukoo wa sapply

Leo tuache kidogo stori za bweni. Nataka niwape historia ya kitu tunachokiandika kila wiki kwenye kipindi cha takwimu: lapply na sapply.

Chukua orodha ya mikondo minne, kila mkondo na vekta ya alama zake. Ukiandika sapply(alama, mean) unapata wastani wa kila mkondo kwa mstari mmoja. Angalieni vizuri: fankisheni mean imekabidhiwa kwa mwenzake kama mtu anavyokabidhiwa jembe.

Wazo hilo ni la zamani. Mwaka 1960 John McCarthy wa MIT alichapisha maelezo ya lugha ya LISP, na ndani yake mlikuwa na maplist, inayopokea orodha pamoja na fankisheni. Mwaka 1962 Kenneth Iverson akatoa kitabu kilichozaa APL, lugha ambayo unajumlisha vekta nzima kwa mpigo.

Upande wa takwimu, John Chambers na wenzake wa Bell Labs, Marekani, walianza S mwaka 1976. Ila ni toleo la 1988 lililofanya fankisheni iweze kupewa fankisheni nyingine, kama apply inavyotaka. Kisha Ross Ihaka na Robert Gentleman wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, wakatengeneza R: sura ya S, injini ya kufanana na Scheme, mtoto wa LISP. Koo mbili zikaoana! Mwaka 1995 wakaiachia bure, na toleo 1.0.0 likatoka tarehe 29 Februari 2000.

Sasa sisi walimu watarajiwa inatuhusu nini? Kwanza, shule yenye kompyuta moja tu inaweza kuwa na R bila kulipa hata senti. Pili, msidanganyike kwamba sapply lazima iwe na kasi kuliko lupu ya for; ndani yake nayo inazunguka vilevile. Faida yake ni kusomeka. Tatu, ni kigeugeu: majibu yakitofautiana urefu, inarudisha orodha badala ya vekta, kimya kimya. Kwa matokeo ya watoto wa watu, mimi natumia vapply. Unaiambia mapema jibu liweje, likija vingine inagoma. Afadhali mashine igome kuliko mtoto apewe wastani usio wake.

Haya jamani, kipindi cha saa nane kinaniita. Tuonane.