Sina Budi: Kuhusu Maana ya Kuwa na Chaguo

Neno budi halisimami bila kukanushwa. Mswahili husema sina budi, hatuna budi, hapana budi. Hakuna asemaye nina budi. Asili yake ni Kiarabu, ambako budd ni njia ya kukwepa jambo, na huko nako huandamana na ukanushi. Lugha imelitunza chaguo kwa namna ya kukosekana kwake. Naona humo mna fikra nzito kuliko ile inayotawala mijadala yetu ya sera, ambako wingi wa machaguo huchukuliwa kuwa ni heri yenyewe.

Isaiah Berlin, katika mhadhara wake wa Oxford mwaka 1958, alieleza uhuru hasi kuwa ni eneo ambamo mtu hutenda bila kuingiliwa na wengine. Kwa kipimo hicho, mzazi wa Nairobi anayeshindwa kulipa karo ya shule nzuri hajanyimwa uhuru, isipokuwa pale umaskini wake unapoelezwa kuwa ni zao la mipango ya watu. Amartya Sen hakutosheka na hapo. Alimlinganisha aliyefunga na aliyekosa chakula: matumbo yao yote ni matupu, lakini mmoja angeweza kula. Aliyewahi kufunga Ramadhani huku jirani yake akilala njaa hahitaji kufafanuliwa tofauti hiyo. Chaguo, kwa Sen, ni uwezo halisi wa kufanya lile ambalo mtu ana sababu ya kulithamini.

Nakubaliana na Sen, ila naona amebakiza jambo, nalo lilidokezwa na Albert Hirschman mwaka 1970. Akiichunguza reli ya Nigeria, alishangaa kuona huduma zake zikibaki mbovu ilhali malori yalishindana nayo hata kwa mizigo ya safari ndefu, kama karanga za kaskazini. Nadharia ya soko ingetabiri kwamba ushindani utaizindua reli. Haikuzinduka. Wateja ambao wangepiga kelele zaidi walihamia kwenye malori, hasara ikafidiwa na hazina ya serikali, na waliosalia hawakuwa na sauti ya kumshtua yeyote.

Hali hiyo haiko mbali nasi. Kenya ilipofuta karo katika shule za msingi za umma Januari 2003, madarasa yalifurika, na wazazi wengi wenye kipato wakahamishia watoto wao shule za binafsi. Siwalaumu, mtoto hangoji mageuzi. Lakini walioondoka ndio waliozoea kumhoji mwalimu mkuu, kuandika barua, kumfahamu mtu wizarani. Budi ya mmoja ilipunguza budi ya mwenziwe, na hakuna sheria iliyovunjwa wala mlango uliofungwa.

Kwa hiyo sikubali kwamba chaguo ni mali ya mtu mmoja mmoja, ihesabiwe kama mifugo. Wala sidai shule za binafsi zifungwe, maana hilo lingewanyima wengine njia bila kuwapa wengine sauti. Ninachodai ni kwamba kila sera inayojisifu kupanua machaguo ipimwe kwanza kwa aliyebaki: mzazi yule akisimama kikaoni kusema vyoo vimejaa na walimu hawatoshi, yuko nani mwenye mamlaka asiyekuwa na budi kumsikiliza?