Nyumba Kongwe za Unguja na Fedha ya Kuzitengeneza

Katika Mji Mkongwe wa Unguja zimo nyumba nyingi zilizojengwa katika karne ya 19 kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Nyumba ya namna hii haiuliwi na umri, huuliwa na maji. Dari ikivuja, chokaa hulainika, boriti huoza pale zinapoingia ukutani, na mwisho wake sakafu huwaangukia waliolala chini. Basi tangu zamani suala ni hili: nani atoe fedha kabla ya masika?

Wazee wetu walilijibu kwa wakfu. Mwenye nyumba aliifunga, isiuzwe wala isirithiwe, na sharia ikahukumu kwamba kodi yake itangulie kuitengeneza nyumba yenyewe, ndipo wapewe wenye haki. Mwaka 1905 serikali iliunda Kamisheni ya Wakfu kuzisimamia mali hizo.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ilitwaa nyumba nyingi, ikatia wapangaji kwa kodi ndogo. Kodi hiyo ilikuwa rehema kwa maskini, nami siidharau. Lakini haikutosha matengenezo, na nyumba nyingi zikaporomoka. Mwaka 1985 ikaundwa Mamlaka ya kuuhifadhi Mji Mkongwe, na mwaka 2000 UNESCO ikauandika mji katika Urithi wa Dunia. Heshima hiyo ni kubwa, ila haimtilii mtu chokaa ukutani kwake.

Fedha nyingi zimetoka nje, nazo huelekea majumba ya fakhari. Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, ilikuwa ikitengenezwa kwa msaada wa serikali ya Oman, na mafundi wakiwa kazini, tarehe 25 Desemba 2020, upande wake mmoja ukaanguka, watu 2 wakafa. Ikiwa jumba la Sultani, lenye msaada wa dola nzima, lilichelewewa hata likaua, hali ya nyumba ya wakfu ya uchochoroni, anamokaa ajuza na wajukuu wake, haihitaji kuelezwa.

Nyumba nyengine wamepewa wenye mitaji kwa sharti la kuzitengeneza, zikawa hoteli. Kuta zimepona, wenyeji wamehama. Kwa rai yangu, serikali ingewatoza kodi ya haki wale wenye uwezo, na fedha ile ikawekwa mbali, isiguswe ila kwa boriti na chokaa za nyumba za wasio nacho.