Usonji Masasi na Newala: Tiba ipi inasaidia, na mzazi aanzie wapi?

Mtoto ana miaka mitatu, akiitwa jina hageuki. Anapanga vifuniko vya chupa mstari mmoja asubuhi mpaka jioni. Mashine ya kupulizia salfa ikiwashwa kwenye mikorosho ya jirani, anaziba masikio na kulia. Baba anasema mkaidi, bibi anasema kiziwi, na jirani anajua mganga.

Inawezekana ni usonji. Ni hali ya ubongo kukua tofauti, na inagusa namna mtoto anavyowasiliana, anavyocheza na anavyopokea sauti, mwanga au kuguswa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa nayo. Hailetwi na malezi mabaya, wala chanjo. Uvumi wa chanjo ulitokana na utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 1998, na jarida la The Lancet lililouchapisha likaufuta mwaka 2010.

Hakuna dawa ya kuponya

Hili mzazi alijue mapema, kwa sababu ndipo hela za korosho zinapoishia. Anayeuza dawa ya "kuondoa usonji", iwe ya chupa au ya kuchanja, anauza uongo. Dawa za hospitali zipo, ila ni za matatizo yanayoambatana na usonji: kifafa, kukosa usingizi, au mtoto kujiumiza. Hizo anaandika daktari.

Kinachosaidia ni mafunzo, na yakianza mapema ni bora zaidi. Mtaalamu wa tiba kazi humfundisha mtoto kula mwenyewe, kuvaa, kwenda choo na kuvumilia kelele kidogo kidogo. Wa tiba ya usemi hufanyia kazi mawasiliano, hata kwa mtoto asiyeongea kabisa. Shida ni kwamba wataalamu hawa ni wachache nchini. Wa tiba kazi kwa miaka mingi wamekuwa wakitoka chuo kilichopo KCMC, Moshi.

Ndiyo maana WHO ilitengeneza mafunzo ya walezi: vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, na anayeyaendesha si lazima awe daktari bingwa. Msingi wake ni mzazi kutumia kazi za kila siku. Wakati wa kubangua korosho au kuteka maji, anakaa usawa wa macho ya mtoto, anataja kitu kwa maneno machache, anasubiri. Mtoto akijibu hata kwa kunyoosha kidole, anasifiwa palepale.

Simu nayo inafaa. Piga picha ndoo, sahani, choo na kitanda cha nyumbani, mtoto aonyeshe anachotaka. Kuonyesha picha hakumzuii kuongea.

Na lugha? Wapo wazazi wanaoambiwa waache Kimakonde au Kiyao ili mtoto asichanganyikiwe. Si kweli. Tafiti zimeonyesha lugha mbili hazimdhuru mtoto mwenye usonji, na kumnyima lugha ya bibi ni kumpunguzia watu wa kuongea naye.

Pa kuanzia

Ni zahanati, na kadi ya kliniki mkononi. Omba mtoto apimwe usikivu kwanza. Kutoka hapo rufaa huenda hospitali ya wilaya Newala au Mkomaindo kwa wa Masasi, kisha Ligula au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, Mtwara. Masasi hadi Mtwara ni karibu kilomita 200, na basi lililojaa ni mateso kwa mtoto asiyevumilia kelele. Kwa hiyo ukifika, usiondoke na cheti tu. Omba mazoezi ya kufanya nyumbani na uombe kuyarekodi kwa simu.

Kuhusu shule, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto haki ya kusoma shule ya kawaida. Mwalimu mkuu akisita, muone afisa elimu maalumu au afisa ustawi wa jamii wa halmashauri.

Kipindi cha jando na unyago kinahitaji maandalizi yake: ngoma za usiku, watu wengi, mtoto kutengwa na mama. Kungwi aelezwe mapema mtoto anaogopa nini na anatulizwa na nini, na familia ina haki ya kumpeleka mvulana kutahiriwa hospitalini.