Nani Alimbeba Mtoto? Historia ya Malezi Nafuu Kasulu na Kibondo

Historia ya mkoa wa Kigoma tuliyosomeshwa shuleni imejaa wanaume. Kuna Livingstone na Stanley walivyokutana Ujiji mwaka 1871. Kuna reli ya Mjerumani iliyofika Kigoma mwaka 1914. Kuna manamba waliokwenda kukata mkonge Tanga, na kuna wakimbizi. Yote ni kweli, na mtihani wangu wa kidato cha nne niliujibu kwa mambo hayo hayo. Lakini kuna swali moja ambalo hakuna mwalimu aliyetuuliza: manamba walipoondoka, na wake zao wakabaki na jembe peke yao, mtoto mchanga alibaki na nani?

Nauliza hivyo kwa sababu nina ndoto ya kuandika riwaya ya nyanda za juu za Buha, kule Kasulu na Kibondo nilikotoka. Nilipoanza kuwahoji wazee wa ukoo wangu, niliona kila mmoja anasimulia safari za baba, babu na mjomba. Nikimuuliza nani alikuwa anashika watoto, ananijibu kwa mkato, "Aa, watoto si walikuwepo tu!" Jamani, mtoto wa miezi sita hawezi "kuwepo tu". Lazima awe mgongoni mwa mtu.

Siku hizi wataalamu wanazungumzia sana malezi ya gharama nafuu vijijini, kana kwamba ni jambo lililozuka jana. Kwetu malezi yalikuwa nafuu tangu zamani, tena wakati mwingine yalikuwa bure kabisa. Ila kila nilipofuatilia hayo ya bure nilimkuta mtu aliyelipa, na karibu kila mara alikuwa msichana wa miaka saba, minane au tisa.

Migombani

Zamani Waha hawakukaa vijijini kama tunavyokaa leo. Katika himaya za Heru, Muhambwe na Buyungu kila kaya ilikaa peke yake juu ya kilima, katikati ya migomba yake. Shamba la karibu lilikuwa mlangoni. Mama alilima maharage huku anamsikia mtoto akilia, akaweka jembe chini, akanyonyesha, akarudi kazini. Mtoto alishinda kivulini au mgongoni mwa dada yake mkubwa, na bibi alikuwa hapo hapo anaota jua. Mimi sisemi maisha yalikuwa matamu, maana njaa na magonjwa yalikuwepo. Nasema tu kwamba kazi ya shamba na kazi ya kulea zilikuwa mahali pamoja.

Ukoloni ndio uliotenganisha. Mwingereza aliitazama Buha kama ghala la vibarua. Mwanamume alidaiwa kodi ya kichwa, na fedha ya kuilipa haikuwepo kule milimani. Ilikuwa mbali, kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda shirika lao la kukusanya vibarua, SILABU, na mkoa wa Kigoma ukawa moja ya sehemu walizotegemea sana. Mtu aliandikwa, akapewa namba, akapanda treni. Huko alihesabiwa kwa kipande, yaani kadi ya siku thelathini za kazi, na siku ambayo hakumaliza kazi haikuhesabiwa.

Baba yake bibi yangu alikwenda Tanga hivyo. Bibi anasema alikuwa binti mdogo asiyejua kupika vizuri, lakini tayari alikuwa na mtoto mgongoni. Mama yake alilima sehemu yake na sehemu ya mume aliyekwenda, hivyo hakuwa na nafasi ya kusimama kunyonyesha kila mtoto akilia. Nilimuuliza bibi kama alisoma. Akacheka, akaniuliza na mimi, angesomaje na mbeleko kifuani?

Hapo ndipo nilipoanza kuuona mkonge kwa jicho jingine. Tajiri wa shamba alimlipa manamba ujira wa mtu mmoja asiye na familia. Gharama ya kumlea mtoto atakayekuja kuwa kibarua kesho haikuandikwa kwenye daftari lake, ilibaki Buha. Walioibeba ni mama mwenye jembe na binti mwenye mbeleko.

Kijiji kipya

Uhuru ulikuja mwaka 1961, Azimio la Arusha mwaka 1967, kisha zamu yetu ikafika. Mwaka 1972 ilianza Operesheni Kigoma. Watu waliteremshwa kutoka vilimani wakapangwa kando ya barabara katika vijiji vya ujamaa. Wazee wa Kibondo walikwisha kuonja uhamisho wakati wa Mwingereza, katika miaka ya 1930, walipokusanywa sehemu moja kwa sababu ya malale. Safari hii nia ilikuwa njema zaidi: shule, zahanati na maji viwe karibu.

Shule na zahanati zilisogea kweli, lakini shamba lilisogea mbali. Nyumba mpya ilikuwa barabarani, migomba ya zamani ilibaki juu ya kilima. Bibi alitembea mwendo wa saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, jembe begani. Ama ambebe mtoto mpaka huko juani, ama amwache kijijini. Kwa mara ya kwanza ukawepo umbali kati ya matiti ya mama na kilio cha mtoto.

Kusema haki, viongozi wa wakati ule waliliona tatizo hilo. Katika miaka ya sabini vijiji vingi nchini vilihimizwa kufungua vituo vya kulelea watoto mchana, ambavyo wengi wetu tunaviita chekechea. Umoja wa Wanawake wa Tanzania, UWT, ulikuwa mstari wa mbele. Mpango wake ulikuwa rahisi: kijiji kinatoa banda, wazazi wanachanga unga na kuni, na mlezi anapatikana hapo hapo kijijini, mara nyingi binti aliyemaliza darasa la saba. Mlezi analipwa posho kutoka mfuko wa kijiji. Mwaka 1981 Bunge likapitisha kabisa sheria ya vituo hivyo, Sheria namba 17 ya mwaka huo, iliyotaka kila kituo kiandikishwe.

Mimi nikiisoma historia hii huwa nasimama hapa, maana ndipo tulipokaribia. Kituo cha kijiji kilikuwa nafuu bila kumnyang'anya mtoto mwingine utoto wake. Mlezi mmoja mzima, uji wa saa nne, watoto thelathini wanaimba, na mama thelathini wako shambani. Hesabu inakubali.

UPE na mama mkubwa

Wakati huo huo jambo jingine lilikuwa linakuja. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilisema kila mtoto aingie shule ya msingi, na mwaka 1977 ndio uliolengwa kutimiza Elimu ya Msingi kwa Wote, ile tuliyoizoea kwa jina la UPE. Mwaka 1978 sheria ya elimu ikalazimisha mahudhurio. Nani asiyesifu jambo hilo? Lakini fikiri: serikali ilipomwita shuleni msichana wa miaka minane, ilikuwa inamwita yaya wa kijiji kizima. Ili aende, lazima mwingine ashike nafasi yake.

Mama yangu mkubwa aliandikishwa darasa la kwanza mwaka huo wa 1977, akiwa na miaka kumi na moja. Alifika shuleni na mama yangu mgongoni, ana miaka miwili. Chekechea ya kijiji ilikuwepo, lakini siku hizo mlezi alikuwa hajalipwa posho miezi mingi, naye alikuwa amekwenda kulima shamba lake. Unamlaumu? Mwalimu alimwambia mama mkubwa amweke mtoto chini ya mwembe. Mtoto alilia, darasa likacheka, na mama mkubwa akatoka. Baadaye wakapatana nyumbani kwamba aende siku moja na siku ya pili abaki. Alifika darasa la tatu hivyo, halafu akaacha. Mama yangu, aliyelelewa mgongoni pale, alimaliza darasa la saba. Ndiyo maana mimi naandika makala hii. Yeye mama mkubwa huletewa barua asomewe.

Baada ya hapo mambo yalizidi kuwa magumu nchi nzima. Vita vya Idi Amin vya mwaka 1978 na 1979, bei ya mafuta, maduka matupu. Mfuko wa kijiji haukuwa na kitu, na posho ya mlezi ilikuwa ya kwanza kukatwa. Banda la chekechea kijijini kwa bibi likawa ghala la mbolea. Wakati huo huo mkoani Iringa, kuanzia mwaka 1983, mpango wa lishe wa serikali pamoja na UNICEF na WHO uliendesha upimaji wa uzito na vituo vya kulisha watoto vijijini, na utapiamlo mkali ukapungua. Kwa hiyo wazo la kijiji kulea watoto wake halikuwa bovu. Tofauti ni kwamba Iringa kulikuwa na fedha ya kuliendesha.

Warundi wanakuja

Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na watu wakamiminika mpakani. Kambi zikajaa: Kanembwa, Mtendeli, Nduta na Karago upande wa Kibondo, Mtabila na Muyovosi upande wa Kasulu, na mwaka 1996 Nyarugusu kwa ajili ya Wakongo. Kiha na Kirundi vinasikilizana, mtu huhitaji mkalimani. Basi wenyeji wenye mashamba wakapata vibarua wa bei ya chini sana, wengine kwa chakula tu.

Mashirika nayo yakaleta ajira mijini. Mwanamke wa Kasulu mjini au Kibondo mjini aliyepata kazi ya ukarani au uuguzi kambini alihitaji mtu wa kubaki na mtoto, na mtaani kwetu wanakumbuka mabinti wa Kirundi waliofanya kazi hiyo kwa sahani ya ugali na kanga kuukuu. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 na amri ya kutovuka kilomita 4 kutoka kambini ziliwafanya wawe watu wa kujificha, na mtu anayejificha hadai mshahara. Mtabila ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2012. Mwaka 2015 Burundi ikachafuka tena, Nduta ikafunguliwa, na mimi mwenyewe, mwanafunzi wakati huo, niliona mambo yale yale kwa macho yangu. Unafuu ulipatikana tena, na mlipaji alikuwa msichana wa mtu mwingine.

Mwisho wa reli, mwanzo wa reli

Nilipokuja Dar es Salaam niliikuta historia hii imenitangulia. Nyumba ya jirani ninapopanga kuna hausigeli kutoka Kibondo. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, iliyochukua nafasi ya ile ya chekechea ya mwaka 1981, inamlinda pia. Yeye anasema ana miaka kumi na sita, na hakuna anayemuuliza mara ya pili. Analea mtoto wa mama anayekwenda kazini Kariakoo. Kule kwao amewaacha wadogo zake watatu. Nilimuuliza nani anawaangalia. Akataja jina la mdogo wake anayemfuata, yuko darasa la nne.

Zipo habari njema, nisizifiche. Siku hizi elimu ya awali na ya msingi haina ada, na mtoto wa miaka mitano ana darasa lake. Mwaka 2021 serikali ilizindua Dodoma programu ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, inayotaka vituo vya malezi virudi vijijini. Lakini darasa la awali huisha kabla jua halijafika utosini, na halimchukui mtoto wa miaka miwili. Na kile kituo cha kijiji kitafungwa kama cha bibi endapo mlezi ataambiwa ajitolee. Mtu akija kijijini kwenu na mpango wa malezi nafuu, muulizeni swali moja tu: mlezi atalipwa na nani, mwezi wa saba na mwezi wa nane, fedha za wafadhili zikiisha?

Vijana wenzangu mnaoandika, wapagazi wa bandari ya Zanzibar walimpata Shafi Adam Shafi akawaandikia Kuli mwaka 1979. Binti mwenye mbeleko yeye huingia katika hadithi zetu kuleta chai, kisha hutoka, au humwaga mchuzi ili tucheke. Kabla hujaanza hadithi yako inayofuata, nenda kamuulize mama yako nani alimbeba alipokuwa mdogo, na huyo aliyembeba alifika darasa la ngapi. Andika jibu na tarehe. Mimi la kwetu nimeshaandika: darasa la tatu, mwaka 1979.